Kuku wa kulalia mayai hapa Goma: kumweka, kumlinda, na kufikisha vifaranga wiki ya nne

Mama_Ndosho (Goma)

Jambo ndugu wafugaji wa parsele ndogo (viwanja vya nyumba), wa Goma na wa miji jirani.

Kila mwaka mvua za Mei zikianza kupungua, maswali yanarudi. Kuku amekaa juu ya mayai hataki kutoka, nimwache au nimfukuze? Nimwekee mangapi? Mbona wametoka watatu tu? Na wengi sasa wanatamani mashine ya kutotolesha, hali umeme wa mitaani kwetu unaondoka bila kuaga. Naandika uzi huu kwa sababu naamini jambo moja kwa moyo wote: mwenye kuku watano hadi kumi na wawili nyuma ya nyumba ya mbao hana mashine inayomshinda kuku mwenyewe. Yeye anajua joto. Anageuza mayai usiku na mchana. Na vifaranga wakishatoka, ndiye atakayewafunika usiku wa baridi. Kinachotuangusha sisi ni mahali tunapomweka na siku tunayomweka, na hayo mawili ni kazi ya mfugaji.

Kwanza mjue. Kuku anayetaka kulalia habanduki kwenye kiota hata wenzake wakipanda kulala. Ukimsogelea anavimbisha manyoya, anakoroma kwa sauti nzito, anadonoa mkono. Mguse chini ya kifua: utakuta ngozi tupu yenye moto, manyoya yameondoka ili joto la mwili lifike kwenye yai moja kwa moja. Kinyesi chake nacho kinabadilika, kinakuwa donge kubwa lenye harufu kali, maana anajizuia mpaka atoke mara moja kwa siku. Usimkimbilizie dawa, si mgonjwa.

Kabla ya kumpa mayai ya kweli, mjaribu kwa mawe laini ya ukubwa wa yai usiku mbili au tatu. Akibaki imara, mhamishe kwenye kiota chake cha kudumu usiku, gizani, kwa mikono ya taratibu, mawe yakiwa yamemtangulia. Ukimhamisha mchana atarudi alikotoka. Na mchague kuku wa kienyeji, hawa wanaoshuka kutoka Masisi na Rutshuru au wanaovuka na mitumbwi kutoka Idjwi. Kuku wa kisasa wa mayai wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili wasilalie, kwa hiyo usimlaumu asipokaa.

Mayai sasa. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mayai ya trei tunayonunua sokoni, yale yanayovuka mpaka kutoka Rwanda au Uganda, mengi yanatoka kwenye mabanda yasiyo na jogoo hata mmoja. Ni mazuri kwa kukaanga. Ukimwekea kuku, atayalalia wiki tatu kwa uaminifu na yataishia kuwa viza. Chukua mayai ya parsele yenye jogoo, jogoo mmoja kwa kuku wanane hadi kumi. Tena jueni kwamba kuku anahifadhi mbegu ya jogoo mwilini kwa siku kumi hivi, hata wiki mbili. Kwa hiyo mtu aliyenunua kuku leo akampandisha kwa jogoo wake mzuri, asishangae vifaranga wa kwanza wakitoka na sura ya jogoo wa kijijini.

Yai la kulalisha liwe la ukubwa wa kati, safi, lisilo na ufa. Usilioshe. Juu ya ganda kuna utando unaozuia vijidudu kuingia, na maji yanauondoa. Likiwa na uchafu mkavu kidogo lipanguse, likiwa chafu sana lipeleke jikoni. Yahifadhi mahali penye ubaridi, ncha kali ikitazama chini, siku saba. Kumi ndiyo mwisho, baada ya hapo nguvu ya kutotoa inashuka haraka. Usiyaweke jikoni karibu na mbabula, lile jiko la makala (makaa). Joto likipanda kidogo juu ya nyuzi ishirini na kitu, kijusi kinaanza kukua, makala yakizimika usiku kinasimama, asubuhi kinaanza tena, mwishowe kinakufa hata kabla mama hajalikalia yai.

Mangapi? Kuku wa kawaida wa kwetu, nane hadi kumi na mawili. Kipimo ni mwili wake: akishakaa na kujitandaza, usione yai limetokeza pembeni. Watu wanafikiri ukizidisha, yatakayoharibika ni yale ya nje tu. Hapana. Kuku anayahamisha, la pembeni analivuta katikati, la katikati analisukuma nje, kwa hiyo kila yai linapata zamu yake ya baridi na unaweza kupoteza karibu yote.

Mahali ndipo Goma inatofautiana na vitabu vyote vya ufugaji. Sisi tunaishi juu ya jiwe. Kuna mitaa ambapo lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002 bado ndiyo sakafu ya uwanja, na chini yake hakuna udongo wa kuku kuchakura. Jiwe hilo linapoa haraka usiku, na kuku akitengeneza kiota juu yake, mayai yanapoteza joto kwa chini wakati yeye anapasha kwa juu. Mtafutie beseni kuukuu, kikapu au katoni ngumu. Weka udongo wenye unyevu kidogo, unene wa vidole vitatu, ukandamize katikati uwe kama bakuli la kina kifupi ili mayai yakusanyike yenyewe. Juu tandika majani makavu ya migomba au nyasi. Ule udongo unashikilia joto, na unyevu wake unazuia utando wa ndani ya yai usikauke, hasa Julai vumbi linapotawala mji.

Kiota kiinue juu ya meza fupi, usawa wa goti, kwa ajili ya panya. Usikipandishe zaidi, kwa sababu siku ya kutotoa vifaranga wataanguka. Pawe na giza kidogo na utulivu, na kuku wengine wasifike. Wakifika watataga humo humo, na utakuwa na mayai ya siku ya 5 na ya siku ya 18 chini ya mama mmoja. Atakapoondoka na vifaranga wa kwanza, yaliyobaki yatakufa. Kila yai lipige alama kwa kalamu ya risasi. Lisilo na alama ni la mgeni, litoe siku hiyo hiyo.

Utitiri na chawa ndio wanaomfukuza mama kwenye mayai kuliko mbwa na paka. Kuku aliyetulia wiki nzima halafu ghafla anasimama simama, anajikuna, anakaa nusu nje, mtazame usiku kwa tochi chini ya mabawa na kwenye nyufa za mbao. Siku ya kumweka, nyunyiza majivu makavu ya kuni chini ya majani, na mwekee pembeni karai la majivu na mchanga mkavu aoge kila anapotoka. Majivu ya makala hapa hayakosekani.

Akiwa kwenye mayai mpe mahindi mazima au mtama, na maji safi, hatua chache kutoka kiotani. Anatoka mara moja kwa siku, robo saa hadi nusu saa. Asipotoka kabisa mnyanyue mwenyewe, lakini angalia kwanza chini ya mabawa, mara nyingi yai limebanwa pale na litaanguka. Atapungua uzito, ni kawaida.

Siku ya 7 usiku mulika mayai. Chukua katoni, toboa tundu dogo kuliko yai, weka tochi ya simu nyuma, egemeza upande butu wa yai kwenye tundu. Yai lenye uhai lina doa jeusi na mishipa ya damu iliyotawanyika kutoka pale, na doa linacheza. Linalong'aa lote halikuwa na mbegu. Lenye pete ya damu, kijusi kilianza kikafa. Rudia siku ya 14, hapo lizima linakuwa giza isipokuwa chumba cha hewa upande butu. Yatoe mabovu, kwa sababu yai viza likipasukia kiotani linachafua mengine yote. Kuanzia siku ya 18 usiguse tena.

Siku ya 21 ikikaribia utasikia milio ndani ya ganda. Kifaranga anatoboa kwanza chumba cha hewa, anavuta pumzi yake ya kwanza, ndipo anadonoa ganda. Kutoka tundu la kwanza mpaka kutoka nje inaweza kuchukua siku nzima. Ndugu zangu, muacheni! Katika saa zile damu ya kwenye utando inarudi mwilini na kiini kinaingia tumboni. Ukimbandua ganda anatoka damu na kitovu wazi. Kile kiini kinamtosha siku mbili bila chakula, kwa hiyo wa kwanza hawatakufa njaa wakisubiri wadogo zao. Ikifika siku ya 23, yaliyobaki yaondoe.

Kuhusu siku: kama una kuku wawili au watatu wanaotaka kulalia karibu wakati mmoja, wape mawe, mkusanyie kila mmoja mayai yake, kisha uwaweke wote usiku mmoja. Watatotoa pamoja. Usiku wa kutotoa mpe mama aliye mtulivu kuliko wote vifaranga wote, kumi na tano hivi anawaweza, na waliobaki warudi kutaga. Ukiwaweka katikati ya Mei, vifaranga wanatoka mwanzoni mwa Juni, mvua zinakatika, na sakafu iliyokauka inakupunguzia nusu ya maradhi.

Ulizeni, nitajibu jioni.

---

Yaya_Birere (Goma)

Jambo Mama, aksanti sana. Mimi niko na swali tofauti. Kuku yangu analala mu kiota hakuna hata yai moja, na mimi sitaki vifaranga sasa, nataka mayayi ya kuuza. Jirani ananiambia nimutie mu maji ya baridi, mwingine anasema nimupitishe unyoya mu pua. Nifanye aje?

---

Mama_Ndosho (Goma)

Yaya, usimtie majini na usimtoboe pua. Haya ya pua ni mateso matupu, na maji ya baridi kwenye usiku wa Goma yanaweza kumpa ugonjwa wa kifua.

Kinachomshika kiotani ni homoni iliyopanda mwilini mwake, na inaendelea kupanda maadamu kifua chake kinapata joto na utulivu. Ondoa joto hilo. Tafuta kizimba chenye sakafu ya fito au waya, kiinue juu ya matofali ili upepo upite chini ya tumbo. Usiweke majani wala nyasi. Mpe chakula na maji kama kawaida, pawe na mwanga mchana. Siku tatu au nne zinatosha kwa wengi. Mfungulie na umtazame: akirudi kiotani mbio, mrudishe siku mbili zaidi. Mapema ndiyo rahisi. Kuku wa siku ya pili anaacha upesi, wa wiki ya pili ni kazi.

Baada ya hapo usitegemee yai kesho. Mwili unahitaji wiki mbili au tatu kurudi kwenye kutaga.

Ila ngoja kwanza: kama majirani wanatafuta kuku wa kulalia, muazime. Mwenye mayai na asiye na kuku anayelalia wapo kila avenyu, na kugawana vifaranga ni desturi yetu.

---

Papa_Keshero (Goma)

Mama umefundisha vizuri. Mimi naomba niongeze neno zito kwa wale wa upande wetu: Keshero, Mugunga, Bulengo, Lac Vert.

Msiweke kiota shimoni. Mazuku. Hewa ile ya kaboni inayotoka ardhini ni nzito kuliko hewa tunayovuta, inajaa kwenye mabonde madogo na mashimo, na wakati wa hatari ni usiku wa manane mpaka alfajiri, upepo ukiwa umetulia na jua halijatoka. Haina rangi, na pua haiwezi kukuonya. Kuku pua yake iko chini, tena huyu aliyelalia haondoki mahali. Mtu mzima anapita amesimama hahisi kitu, kuku na mbuzi wamelala chini wanakufa.

Dalili ni hizi: majani yaliyokauka kwenye shimo wakati pembeni ni kijani, mijusi, wadudu na ndege waliokufa pamoja. Ukiona hivyo, kuinua meza usawa wa goti hakutoshi, hamisha banda lote mpaka mahali pa juu panapopata upepo. Na ukikuta mnyama amelala ndani ya shimo asubuhi, usiiname kumchukua. Watu wamepoteza maisha kwa namna hiyo. Wakatazeni watoto.

---

Mama_Ndosho (Goma)

Papa, aksanti. Naomba kila anayesoma na kuishi upande ule ayachukulie maneno haya kwa uzito wote. Hata ndani ya parsele moja, nyuma ya nyumba panaweza kuwa na shimo la hatari na mbele pakawa salama.

---

Fundi_Majengo (Goma)

Mimi niliweka mayai 10, wametoka watatu. Nimeyavunja yaliyobaki. Manne yalikuwa maji maji tu, kiini kimechanganyika. Matatu yalikuwa na kifaranga mzima mwenye manyoya, amekufa ndani. Kuku hakuacha kiota. Jogoo yupo. Tatizo ni nini, Mama?

---

Mama_Ndosho (Goma)

Fundi, umefanya jambo zuri sana kuyavunja na kutazama, wengi wanayatupa tu. Hizi ni habari mbili tofauti, tuzitenganishe.

Yale manne ya maji maji hayakuwa na mbegu, au yalikaa mno kabla ya kuwekwa. Ungemulika siku ya 7 ungejua ni lipi kati ya hayo. Jogoo kuwepo hakutoshi: umri wake? Anapanda wote au ana wapenzi wawili? Jogoo mzee, au mwenye miguu iliyojaa magamba ya utitiri, anashindwa kupanda vizuri. Na majogoo wawili kwenye parsele ndogo wanapigana, kila mmoja anamwangusha mwenzake akiwa juu ya kuku.

Wale watatu waliokomaa ni habari ya siku za mwisho. Hapo naangalia mambo manne: je, kuna mtu aliyekuwa anamnyanyua kuku kutazama siku ya 19, ya 20? Je, kiota kilikuwa juu ya mbao kavu bila udongo? Utando ukikauka unamng'ang'ania kifaranga, anashindwa kujizungusha ndani ya ganda. Je, watoto au mbwa walimtisha akatoka mara nyingi? Na la nne ambalo watu hawalifikirii: kuku waliotaga mayai hayo walikula nini mwezi uliotangulia? Kuku wa mahindi matupu anataga yai zuri kwa macho, lakini vitamini hazimo, na kijusi kinaishiwa njiani. Wape lengalenga na majani mengine ya kijani kila siku, wape wadudu, wape mabaki ya samaki. Fanya hivyo wiki tatu kabla ya kukusanya mayai ya kulalisha.

---

Fundi_Majengo (Goma)

Kiota kilikuwa juu ya mbao kavu. Na chakula ni mahindi, kweli. Jogoo ni kijana. Nimepata jibu langu, Mama, Mungu akubariki.

---

Mwana_Kadutu (Bukavu)

Salamu kutoka Bukavu. Uzi mzuri, ila naona bado hatujafika kwenye kaburi lenyewe, yaani wiki tatu za kwanza baada ya kutotoa. Huku Kadutu watu wanatotolesha vizuri tu, halafu vifaranga wanakwisha mmoja mmoja. Parsele ziko mteremkoni, mvua ikinyesha maji yanapita katikati ya banda, mama anatembeza watoto kwenye tope, jioni wamelowa, usiku wanakufa.

Tunachofanya sisi: mama na vifaranga wanakaa ndani ya kizimba cha fito wiki tatu. Nafasi kati ya fito inamzuia mama, vifaranga wanapita wanazurura karibu na kurudi kwa sauti yake. Mwewe akitokea wanaingia chini yake mara moja. Juu bati au turubai, sakafu kavu ya maranda, inabadilishwa ikilowa.

Chakula: kilo 6 za mahindi yaliyosagwa chembe chembe, kilo 3 za soya, kilo 1 ya sambaza (samaki wadogo wa ziwa) kavu iliyotwangwa. Inafika kwenye asilimia 20 ya protini au zaidi kidogo, ambayo kifaranga anaihitaji. Soya lazima ikaangwe kwanza, mbichi inazuia tumbo lisisage protini. Na sambaza wasiwe wa chumvi! Chumvi nyingi inaua vifaranga haraka.

---

Mama_Ndosho (Goma)

Mwana Kadutu umenipunguzia kazi ya nusu usiku. Naongeza machache tu. Maji yatangulie chakula siku ya kwanza. Yaweke kwenye mfuniko wa ndoo, ujaze vijiwe vyeusi vya volkano mpaka karibu na ukingo, wanywe katikati ya vijiwe bila kulowa wala kuzama. Chakula cha mama kiwe juu kidogo, la sivyo ataparua cha watoto chote.

Ukiona kinyesi chenye damu, vifaranga wamejikunyata na mabawa yameshuka, kati ya wiki ya tatu na ya sita, hiyo ni koksidia. Inakaa kwenye sakafu yenye unyevu. Nenda kwa veterineri uombe amproliamu, uiweke kwenye maji kwa kipimo chake, na ubadilishe matandiko siku hiyo hiyo. Dawa bila sakafu kavu ni pesa za bure.

---

Katuba_Lushi (Lubumbashi)

Jambo wote. Niwaombe wa Lubumbashi wasifuate kalenda ya Goma kama ilivyo. Kwetu mvua ni Novemba mpaka Machi, na Juni na Julai ndiyo baridi, usiku inashuka chini ya nyuzi 10. Vifaranga wa Juni kwetu wanahitaji mama mwenye mwili mkubwa na watoto wachache, wanane au tisa, ili wote wafunikwe. Agosti na Septemba ni bora: baridi imeondoka, mvua bado. Oktoba joto ni kali, na mayai ya kulalisha yahifadhiwe kwenye mtungi wa udongo uliozungushiwa kitambaa chenye maji.

Neno jingine. Kuna watu wanaingiza mbabula ya makala ndani ya banda lililofungwa ili kuwapasha vifaranga waliokosa mama. Moshi usioonekana wa makala unaua kuku na unaua mwenye kuku akilala chumba hicho. Chukua bidoni ya lita tano, jaza maji ya moto, funga vizuri, zungushia kitenge kizito, iweke katikati ya vifaranga ndani ya katoni. Badilisha maji kabla ya kulala na alfajiri.

---

Yaya_Birere (Goma)

Papa wa Lushi, hii ya bidoni nimeipenda. Swali fupi: naweza kumupa kuku mayayi ya bata?

---

Mama_Ndosho (Goma)

Unaweza, Yaya. Bata wa kawaida ni siku 28, bata mzinga 28, na yule bata mkubwa mwenye uso mwekundu ni 35. Mayai yawe machache, matano au sita, kwa sababu ni makubwa. Usichanganye na ya kuku, maana atasimama siku ya 21 na watoto wake. Na kwa siku 35 mwongeze chakula, anachoka.

Sasa chanjo, ambayo nimeiacha makusudi ili isipotee katikati ya mengine. Kideri, ule ugonjwa wa Newcastle, kikipita mtaani kinaweza kufagia banda zima kwa wiki moja, mama na watoto, na kikishaingia hakuna dawa. Kinga peke yake ndiyo tuliyo nayo. Chanjo ya I-2 ni tone moja kwenye jicho, kwa kuku wa umri wowote, hata vifaranga, na inarudiwa kila miezi mitatu au minne. Nyingine, kama La Sota, mara nyingi inatolewa kwenye maji ya kunywa, na hapo angalizo: maji ya bomba yana klorini, na klorini inaua chanjo. Tumia maji yasiyowekwa dawa, safi, kwenye chombo ambacho hakikuoshwa kwa sabuni wala javel siku hiyo. Wanyime maji kwa muda wa saa mbili hivi kwanza, wanywe yote kwa haraka. Chanja wasio wagonjwa tu.

Chupa moja ina dozi mia au zaidi, na ikishachanganywa haifiki kesho. Ndiyo maana mtu wa kuku wanane anaona ni ghali na anaacha. Tusiache. Mtaa mmoja ununue chupa moja, siku moja, termosi moja ya barafu, tuzunguke parsele kwa parsele asubuhi kabla jua halijawa kali.

---

Papa_Keshero (Goma)

Na ndui je? Naona vidonda kwenye upanga wa vifaranga wa jirani.

---

Mama_Ndosho (Goma)

Ndui inaenezwa sana na mbu, Papa, na ina chanjo yake ya kuchoma kwenye bawa. Mwambie jirani amwage maji yote yaliyotuama kwenye matairi na makopo, awatenge wenye vidonda, apake dawa ya kuua vijidudu kwenye vidonda vilivyo karibu na macho. Wengi watapona wakila na kunywa. Wanaokufa ni wale ambao macho yamefunga hawaoni chakula, hao walishwe kwa mkono.

---

Fundi_Majengo (Goma)

Swali la mwisho kwangu. Mama kuku nimwache na watoto mpaka lini?

---

Mama_Ndosho (Goma)

Akiachwa mwenyewe atawalea wiki nane hivi, na muda wote huo hatagi. Ukiwa na chakula kile cha Mwana Kadutu, na mahali pakavu, unaweza kumtenga wiki ya nne, wanapokuwa na manyoya ya kweli mgongoni na mabawani. Mpeleke mbali, asisikie milio yao. Vifaranga wabaki kwenye kizimba chao kile kile, usibadilishe mama na nyumba siku moja, na usiku waongezee bidoni ya Papa wa Lushi kwa wiki ya kwanza. Kama huna chakula cha protini, usimtenge. Mwache awafundishe kuchakura, wiki nane ni halali yake.

Wa Ndosho, Katoyi na Majengo wanaotaka kuingia kwenye chupa moja ya chanjo Jumamosi, andikeni hapa idadi ya kuku wakubwa na vifaranga. Mwenye termosi ya mdomo mpana aseme.

---

Fundi_Majengo (Goma)

Majengo: wakubwa 9, vifaranga 3. Termosi ninayo. Barafu nitaomba kwa dada anayeuza juisi.

---

Yaya_Birere (Goma)

Birere haiko mbali, muniandike na mimi. Wakubwa 6. Yule wa kizimba nimemufungulia leo, anatembea na wenzake.